Soko Linahama, Bimkubwa Yumo Edani

Soko lilikuwa limekwisha anza kuondoka. Mfaume alipofika Jumatatu asubuhi, gunia la nazi begani, alikuta safu nzima ya wauza dagaa haipo. Pamebaki vigingi na magamba yaliyoganda kwenye saruji. Mikokoteni inapandisha meza kwenda soko jipya, miguu juu, na nyuma yake wanawake wamejitwisha mizani, ndoo na mabenchi. Mmoja kabeba mlango. Mlango wa nini, na soko la Kilindoni halikuwa na kibanda chenye mlango? Hakuna aliyeuliza. Siku ya kuhama kila mtu hugundua ana vitu vingi kuliko alivyodhani.

Mfaume akaenda mahali pake, nguzo ya tatu kutoka bombani. Akatua gunia, akakunjua mbuzi ya kukunia nazi, akaufuta ulimi wake kwa kumbi, akakalia.

"Babu kapanda mbuzi!" alipiga kelele Shamsa, muuza mboga wa nguzo ya pili, kama alivyopiga kila asubuhi kwa miezi minne. "Leo safari ya wapi?"

"Kwenu, naenda kuposa. Mwambie mama yako ateleke."

"Mama hakutaki. Anasema unakuna nazi kama mtu anayechimba kaburi."

Safu ikacheka. Mfaume akacheka pia, maana alikwisha zoea. Siku ya kwanza hakuzoea. Mwanamume mwenye mvi, aliyekula chumvi Lindi, Pemba na Ngazija, kakaa juu ya mbuzi katikati ya wanawake. Watu walitoka mpaka upande wa samaki kuja kutazama. Mmoja alimpiga picha na simu. Lakini angefanyaje? Alikuja kumtazama shemeji yake Iddi aliyekuwa mgonjwa, siku ya tatu Iddi akafa, na dada yake Bimkubwa akaingia eda. Mwanamke wa edani hatoki. Na nafasi ya sokoni isiyokaliwa haina mwenyewe.

Basi alikaa, na soko likamfundisha. Alijifunza kutikisa nazi sikioni asikie maji, na kuijua nazi joya, isiyo na kitu ndani, kabla haijapasuliwa. Alijifunza kwamba mteja wa kwanza haachwi aondoke mikono mitupu, hata ikibidi kumpunguzia mpaka uumie, maana ndiye anayefungua siku. Alijifunza kwamba wanawake wa Ndagoni wanaoshuka na mihogo kwenye pikipiki hawapendi kuulizwa bei kabla ya kusalimiwa. Ukimwanza na "shilingi ngapi" atakutajia bei ya mgeni, na hutaishusha mpaka jua litue. Pweza hununuliwa asubuhi kwa mwanamke, si kwa mwanamume, maana mwanamke kamponda mwenyewe. Mabungo yanunuliwe yaliyoanguka, si yaliyochumwa.

Zaidi ya yote, kwa nazi alijua kila nyumba inapika nini. Nazi mbili, samaki wa kupaka. Nazi moja na nusu, kisamvu, na wageni wapo. Watumishi kutoka bara walinunua moja wakagawana nyumba mbili, wakatia kidogo kwenye maharage, na mwanzoni walimwuliza kama inaweza kukaa wiki. Mwanamke aliyezoea mbili akaomba nusu, Mfaume alimtilia nyongeza kwenye bakuli akageuka upande.

Saa nne akaja kijana wa halmashauri, Godlove, kitambulisho shingoni, kishikwambi mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba."

"Naandikisha wa soko jipya. Jina lako nani nikupige picha?"

"Hapa si pangu, baba. Pa dada yangu. Yumo edani."

Godlove alikuwa mtu wa bara, lakini miaka miwili ya Mafia ilikuwa imemfundisha neno hilo. Akapoa. "Poleni sana. Anatoka lini?"

"Jumapili."

"Mwisho ni Alhamisi, saa tisa. Ninayemkuta amekaa na biashara yake ndiye ninayempiga picha. Nilikokuwa kwanza tuliandika majina tu, meza zikapata marehemu na watoto wachanga. Sasa hapana."

"Siku tatu tu, baba."

"Mzee, wapo watu sitini wanasubiri wasio na meza. Nikikupa wewe siku tatu, wao nitawaambia nini?" Akatazama kioo chake. "Si nikuandike wewe? Kitambulisho cha taifa unacho?"

Kitambulisho Mfaume alikuwa nacho. Alikipatia Lindi. Akasema, "Ngoja kwanza nikaulize nyumbani."

Shamsa, aliyekuwa akifunga mchicha huku masikio yote yako kwao, akaguna. "Uliza vizuri," akasema.

*

Nyumba ya Bimkubwa ilikuwa na vyumba vinne, kimoja kapangisha. Mpangaji wake alikuwa Eufrasia, nesi wa kliniki ya mama na mtoto, Mkristo wa Songea, binti wa miaka ishirini na minane. Tangu msiba yeye ndiye aliyekuwa mkono wa nyumba. Alichota maji, alipokea wageni mlangoni, na siku ya pili ya matanga, alipowasikia wanawake wakisema eda ni miezi minne na siku kumi, alichukua kalamu nyekundu akaenda kwenye kalenda ya ukutani, akahesabu, akatia duara. Kila jioni alifuta siku moja. Bimkubwa, aliyekuwa amelala amegeukia ukuta siku hizo, alishukuru kwamba yupo mtu wa kuzishika siku.

Mfaume alimkuta dada yake amekaa mkekani, nguo zake za eda zimepauka kwa kufuliwa. Akamweleza. Hakuficha kitu, hata lile la kitambulisho.

Bimkubwa akaukunja upindo wa mkeka. Kisha akasema, "Na wewe ulimwambiaje?"

"Nimesema naja kukuuliza."

"Mama, si aandikwe tu?" alisema Eufrasia kutoka mlangoni. "Halafu ukitoka Jumapili mnabadilisha."

"Binti, wewe humjui huyu." Bimkubwa alisema bila hasira, kama mtu anayetaja njia. "Baba yetu aliacha minazi kumi na minane Ndagoni. Mimi nilikuwa ndani ya arobaini ya mwanangu wa kwanza, sitoki. Akaja kaka yangu akaniambia, nitaisimamia mpaka utoke. Nilipotoka minazi ina mwenyewe mwingine, na kaka yangu yuko Ngazija."

Eufrasia akatazama miguu yake. Mfaume naye.

"Miaka ishirini na sita," alisema Mfaume.

"Ishirini na saba. Leo nimo ndani tena, na wewe uko nje tena, na unaniuliza habari ya kuandikwa jina."

"Wengine wanasema kwa dharura mwanamke wa edani anaweza kutoka mchana. Mwalimu Mansuri wa msikitini tukimwuliza..."

"Dharura ni maradhi. Dharura ni njaa. Sijalala na njaa. Iddi nimeishi naye miaka thelathini, siwezi kumkatia siku zake kwa ajili ya meza." Akavuta kanga kichwani. "Pale alikaa mama, nikakaa mimi. Kama pa kupotea, papotee. Bora papotee kuliko paandikwe jina lako."

Mfaume akatoka nje akakaa barazani. Eufrasia akamletea chai. Alikuwa ameitia sukari vijiko vitatu, kama anavyotiliwa mtoto aliyeanguka.

*

Jumanne pakabaki nusu ya soko. Jumatano pakabaki safu moja. Wateja wenyewe walikuwa wamechanganyikiwa. Mtu anakuja kununua nyanya anakuta mahali peupe, anasimama pale pale penye muuza nyanya wake kana kwamba atatokea ardhini.

Mfaume alikuna nazi, na kila alipoinua macho aliona soko la zamani. Palikuwa hapana nguzo wala saruji, ni makuti na mchanga, na mama yake mahali hapa hapa, ubavu kwa bomba lililokuwa kisima. Watu wa Jibondo walikuja na samaki wakarudi na maji. Mama aliwakunia nazi, wakamwachia changu mmoja. Yeye Mfaume akipewa kifuu chenye machicha alambe, na Bimkubwa mdogo akikililia, wakigombea, mama akisema, "Gawaneni, kesho nitakufa mtabaki wawili." Alikuwa akisema hivyo kwa kila kitu, hata kwa embe. Harufu ya nazi mbichi ilimfuata Mfaume kila bandari aliyoshukia, na kila bandari alisema msimu huu nikiumaliza narudi.

Adhuhuri akaja Ussi. Huyu alikuwa na duka la vifaa vya umeme na alikuwa amekwisha nunua mashine ya kukuna nazi. Alichuchumaa kwa adabu.

"Mzee Mfaume, nazi inachukua dakika ngapi hapo?"

"Inategemea nazi, na mkunaji."

"Mashine yangu sekunde kumi." Akashusha sauti. "Sikiliza. Jiandikishe. Sheria inakuruhusu, unayekaa ni wewe. Halafu meza niachie mimi, nikupe laki tatu mkononi. Dada yako hatopoteza kitu ambacho hajakwisha kupoteza. Mwenyewe kasema papotee, sivyo?"

"Nani kakwambia kasema hivyo?"

"Kilindoni hii, mzee."

Mfaume akaendelea kukuna. Laki tatu. Boti, nauli ya Kilwa, na akiba. Miguu yake ilikuwa ikimuwasha tangu mwezi wa pili wa kukaa hapo. Hajawahi kukaa mahali pamoja siku nyingi hivi tangu ujana. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomwumiza. Ussi hakumtukana. Alimjia kama anavyojiwa mtu ambaye bei yake inajulikana.

"Nitafikiri," alisema.

Shamsa hakupiga kelele jioni hiyo. Alimfungia fungu la kisamvu, akamwekea juu ya gunia bila kusema bei, na Mfaume hakujua kama ni wema au ni kuagwa.

*

Alhamisi alitoka alfajiri, kabla ya adhana, kwenda kuchukua nazi kwa mkulima. Aliamka na neno la Ussi kichwani na hakuwa amelijibu. Alipopinda kona ya msikiti akatazama mashariki, juu ya vilele vya minazi, akaona mwezi. Ulikuwa umekonda, umepinda kama kipande cha kifuu.

Alipita hatua tatu, akasimama.

Ujana wake aliwahi kukaa dago, kambi ya wavuvi, kisiwani Shungimbili miezi minane bila kuona kalenda. Pale siku zilihesabiwa kwa mwezi, maana maji hufuata mwezi. Mwezi uliokonda hivi, alfajiri, upande huu, ni mwezi ishirini na tano. Na shemeji yake Iddi, aliyezikwa siku ile ile aliyokufa, walimzika lini? Jua lilikuwa linazama. Walipokuwa wanapiga udongo wa mwisho, mwezi ulitoka nyuma ya minazi, mzima, mwekundu, mkubwa kama sinia, wakarudi bila kuwasha tochi. Mwezi unaotoka jua likizama ni mwezi kumi na nne. Siku ile bahari ilikuwa bamvua, na maji yalifika barabarani.

Akahesabu kwa vidole. Kumi na nne mpaka kumi na nne, mara nne. Kisha siku kumi. Ishirini na nne.

"Lahaula," alisema peke yake.

Alimsubiri Mwalimu Mansuri mpaka akatoa salamu ya swala ya alfajiri. Mwalimu alikuwa mtu mfupi, mwepesi wa kukasirishwa na maswali ya kipuuzi, lakini hili alilisikiliza lote. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Eda haihesabiwi kwa kalenda ya ukutani," alisema. "Inahesabiwa kwa mwezi. Dada yako kamaliza jana magharibi. Nani aliyekuwa akihesabu?"

"Mpangaji. Nesi."

"Mkristo?"

"Ndiye aliyetusaidia sana, Mwalimu."

"Simlaumu yeye. Nyumba nzima ya Waislamu mnamwachia binti wa Songea hesabu ya eda?" Kisha akajikuna ndevu. "Na mimi nimepita pale mlangoni mara ngapi. Nilijua mnahesabu."

Mfaume alirudi nyumbani anatweta. Bimkubwa alikuwa amemaliza kuswali, bado yuko juu ya mswala. Alimsikiliza kaka yake bila kugeuka.

"Usinifanyie hivyo," alisema.

"Nifanye nini?"

"Kunitoa edani kwa hila. Hata wewe, Mfaume, una mpaka."

"Nimetoka kwa Mwalimu Mansuri, mtume mtu akamwulize. Bimkubwa, ningetaka kukuibia nisingekuja mbio hivi na magoti haya. Ningekwenda kukaa pale nikapigwa picha. Jana nimeahidiwa laki tatu nifanye hivyo."

"Na ulijibuje?"

Mfaume angeweza kusema alikataa. Hakuna ambaye angejua. "Nilisema nitafikiri," alijibu.

Bimkubwa akageuka akamtazama. Ndipo Eufrasia, aliyesimama mlangoni na sare yake ya kazini, akaiendea kalenda, akalitazama duara lake jekundu, akaanza kulia.

"Mimi nahesabu wiki za mimba za watu kisiwa kizima," alisema. "Sijawahi kukosea hata moja. Sikujua mwezi wenu ni wa juu kule. Mama, nisamehe."

Bimkubwa alimtazama binti huyu na kamasi zake, na kitu kikamtoka kifuani ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia miezi minne. Alicheka.

"Njoo hapa," alisema. "Mungu kanipangia siku zangu, wewe ukaona hazinitoshi, ukanizidishia nne. Niwekee maji ya kuoga."

*

Hawakufanya shughuli. Alioga, akavaa gauni lake la maua na kanga mpya, akasomewa dua fupi na Mwalimu mlangoni, akatoka. Jua lilimuumiza macho. Alitembea taratibu, mkono mmoja ukutani, Eufrasia, aliyepiga simu kliniki kusema atachelewa, upande wa pili, Mfaume nyuma na gunia.

Alipofika sokoni akasimama. Kutoka bombani mpaka barabarani palikuwa peupe. Aliingia edani akaliacha soko limejaa, akatoka akakuta nguzo.

"Mnauzia wapi samaki?" aliuliza.

"Kule juu, kwenye jipya," alisema Mfaume.

"Na wauza vitumbua?"

"Walitangulia Jumatatu."

Bimkubwa alikwenda nguzo ya tatu, akaishika kama mtu anavyomshika mgonjwa bega. Shamsa, wa mwisho kwenye safu, alikuwa anafunga mafungu yake. Alipomwona alifungua kinywa apige kigelegele, Bimkubwa akaweka kidole mdomoni, Shamsa akakimeza. Wakakumbatiana tu, kwa muda mrefu, mchicha katikati yao.

Godlove alikuja saa sita. Ussi alikuwa nyuma yake hatua chache, na alipomwona mwanamke juu ya mbuzi akakumbuka shughuli nyingine.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa Jumapili."

"Marahaba. Hesabu ilikosewa." Bimkubwa alishika nazi, akaitikisa, akaipasua kwa pigo moja, akaanza kukuna. Mara akasimama. "Kaka, ulimi huu umeufanyaje? Umeula meno!"

"Nilikwambieni, anachimba kaburi," alisema Shamsa.

Godlove akapiga picha. Akaandika jina, akaandika namba. "Pana mstari hapa wa msaidizi wa meza," alisema. "Ukiugua au ukisafiri, nani anakaa? Nimwandike mzee?"

Bimkubwa aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki cheusi. Mfaume alikuwa anakunja gunia, na alilikunja mara nyingi kuliko inavyohitajika gunia.

"Acha wazi," alisema Bimkubwa.

*

Bimkubwa alipewa meza namba arobaini na moja, mwisho wa safu, karibu na choo. Ussi alipata meza mlangoni kwa njia zake, akaweka mashine, na nusu ya wateja wa nazi wakaenda kwake. Umeme ukikatika wanarudi. Shamsa alipangiwa upande wa pili wa ukuta. Hawaonani na Bimkubwa, wanapigiana kelele. Eufrasia alihamishiwa Kibiti mwishoni mwa mwaka. Kalenda yake haijaondolewa ukutani, ingawa mwaka wake umekwisha. Mwalimu Mansuri sasa huwatangazia watu kwenye mazishi mwezi ni wa ngapi. Soko la zamani limekuwa maegesho ya pikipiki, na nguzo ya tatu ipo bado. Madereva wameitundikia kioo cha kunyolea.

Mfaume aliondoka wiki mbili kabla ya mfungo. Hakuaga. Aliacha mbuzi imetiwa ulimi mpya, meno yake yamechongwa kwa tupa, na kitu hakikupungua nyumbani. Mtu wa Jibondo alisema alimwona Kilwa. Baada ya hapo hakuna aliyesema amemwona.

Baada ya Idd Bimkubwa alikwenda ofisini kwa Godlove, akasubiri kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa sita.

"Ule mstari," alisema. "Mwandike kaka yangu."

"Mzee si amesafiri, mama?"

"Ndiyo."

"Anarudi lini?"

"Andika."

Godlove akaandika.